Siku Ishirini na Nne Safi

Mzee Ouma alifariki siku ya ishirini na nne, zikiwa zimebaki sita. Watu wa Nyamasaria waliokuja kutoa pole asubuhi hiyo waliona jambo geni hata kabla hawajapewa viti: boma lenye msiba halikuwa na moshi. Hakukuwa na kuni zilizopangwa wala sufuria juu ya mafiga. Hata majivu ya jana hayakuwepo. Nyuma ya zizi tupu la ng'ombe, juu ya sakafu ndogo ya simenti, kilisimama kisanduku cheupe chenye kimo cha mtu, kioo chake kikitazama juu, kikinguruma polepole kama friji.

Kisanduku hicho ndicho kilichokataza moto. Mchana na usiku kilirusha angani mwale wa mwanga usioonekana kwa macho. Sehemu ndogo ya mwanga huo iligonga vumbi na moshi ikarudi, na mtambo ukapima imechukua muda gani kurudi. Kwa hesabu hiyo watu wa chuo kikuu walijua moshi wa miwa inayochomwa mashambani umepanda mita ngapi, vumbi limesimama wapi, na upepo wa ziwa umevisukuma vyote upande gani. Setilaiti, walieleza, huuona moshi kutoka juu lakini haijui vizuri uko kimo gani. Ndiyo maana walihitaji mtambo wa kutazama kutoka chini, na ili wauamini walitaka kwanza siku thelathini mfululizo bila moto wowote wa kutoa moshi ndani ya hatua mia mbili. Siku hizo zikitimia, mtambo ungebaki hapo miaka miwili, na Calvince, mwana wa kwanza wa Mzee Ouma, angeajiriwa kuutunza. Zikivunjika, ungehamishiwa kwingine pamoja na kazi yake.

Calvince alikuwa na miaka thelathini na sita, na hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza yenye barua. Kila asubuhi saa kumi na mbili alipangusa kile kioo kwa kitambaa laini na maji ya betri, kisha akaandika kwenye daftari: mawingu, upepo, nani amechoma nini. Alizunguka kwa majirani kuwasihi wasichome takataka. Mmoja aliposahau, Calvince alifika na ndoo ya maji akazima moto, wenyewe wakimtazama, na tangu siku hiyo watoto wa hapo wakamwita Askari Moshi. Aliitika kwa jina hilo. Mtu anayesubiri barua ya kazi huitika majina mengi.

Mkewe, Nelima, ndiye aliyeubeba mkataba huo jikoni. Chuo kilimpa mtungi wa gesi na meko ya mafiga mawili, akafurahi wiki ya kwanza. Wiki ya pili mkwewe alianza kusukuma sahani.

"Ugali hii imepikwa hospitali?" Mzee Ouma aliuliza.

"Ni ya gesi, Baba."

"Haina harufu. Mtu anakula na hajui kama amekula."

Hata hivyo alikuwa mzee huyo huyo aliyeutia mkataba sahihi. Aliupenda mtambo kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Kila jioni, Mzee akiwa kitandani na kifua kinamsumbua, Calvince alimwonyesha kwenye simu picha ya siku: kimo kimeandikwa pembeni, buluu mahali hewa ni safi, manjano na nyekundu mahali kuna moshi. Na kila jioni Mzee aliuliza swali moja, "Imefika wapi leo?" Akiambiwa moshi wa miwa umefika mita elfu mbili na mia tatu, alitikisa kichwa akaridhika, kana kwamba ni yeye aliyeupandisha. Siku ya tisa picha ilionyesha nguzo nyembamba asubuhi na mapema upande wa ziwa, na watu wa chuo wakapiga simu kuuliza nani amewasha moto. Mzee alichukua simu kutoka mkononi mwa mwanawe. "Hakuna moto. Hao ni wadudu wa ziwa. Wanapanda juu hivyo mvua ikikaribia. Wewe hujawahi waona?" Walikuja wakahakikisha, wakakuta ni kweli. Kwenye ripoti waliandika kwamba jambo hilo limegunduliwa na kituo.

Siku ya ishirini na tatu Mzee aliomba ngege, samaki wa ziwani. Hakutaka wa gesi. Alimtaka yule wa zamani, aliyekaushwa juu ya kuni kidogo kisha akachemshwa kwenye chungu, na harufu ya moshi ndani ya mchuzi.

"Baba, ni wiki moja tu imebaki," Nelima alimwambia. "Mwezi ikiisha nitakupikia mpaka uchoke."

"Sawa," Mzee alisema. "Si neno."

Asubuhi iliyofuata hakuamka.

*

Mathews, mdogo wake marehemu, alifika saa nane mchana na wazee watano. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwa kali, na alipoingia uani hakumsalimu mtu. Alisimama akazungusha macho, akayatuliza mahali ambapo moto ungekuwa.

"Magenga iko wapi?"

Magenga ni ule moto wa magogo unaowashwa uani mzee anapofariki, wanaume wakae kando yake mpaka baada ya maziko. Katika ukoo wao mwana wa kwanza ndiye huuwasha. Mathews angeweza kupiga kelele mpaka sauti imkauke, lakini kiberiti hakikuwa chake, na hilo lilimuuma kuliko msiba.

"Inakuja, Baba mdogo," Calvince alisema. "Nipeni dakika."

Alikuwa amefikiria tangu asubuhi, wakati bado wanaupakia mwili kwenye gari la kwenda mochari. Mkataba ulikataza moshi. Makaa yaliyoiva vizuri hayatoi moshi. Kwa hiyo alikwenda kwa jirani aliye mbali zaidi ya hatua mia mbili, akawasha jiko la makaa, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu yote bila utambi hata mmoja wa moshi, kisha akalifunga nyuma ya baiskeli na kurudi akisukuma polepole ili yasimwagike. Aliliweka katikati ya ua, akavuta viti kulizunguka. Wazee sita waliketi wakalitazama. Jiko liliwafika magotini.

"Hii ni ya kuchoma mahindi?" Mathews aliuliza.

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ni moto, Baba mdogo. Moto ni moto."

"Ouma alikuwa mwanaume tulimuogopa kutoka hapa mpaka Ahero. Leo tunamlilia na jiko ya chai." Mathews aligeuza kiti chake, akalipa jiko mgongo. Mmoja baada ya mwingine, wale wengine wakageuza viti vyao. Calvince alibaki amechuchumaa peke yake upande wa pili, akiongeza makaa kwa mkono ili asipepee vumbi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini hakuondoka, kwa sababu mtambo ulikuwa ukinguruma nyuma ya zizi na siku ya ishirini na nne ilikuwa bado safi.

*

Daktari Wekesa alikuja kesho yake saa tano asubuhi kutoka Milimani, na gari la chuo, na mkate na sukari kilo nne. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye mkuu wa mradi, na fedha za mradi zilitoka ng'ambo kwa watu ambao hawakujua Nyamasaria ni nini, walichojua ni siku thelathini. Alimpa pole mjane wa Mzee Ouma, Seline, kwa mikono miwili, akaketi pale alipoonyeshwa. Nelima alimletea chai ya gesi.

"Calvince amenieleza kwa simu," alisema. "Nimefikiria sana. Siwezi ambia mtu asimlilie baba yake. Lakini tumebakisha siku sita. Kama mazishi inaweza songa kidogo, badala ya hii Jumamosi iwe ile ingine, moto mtawasha siku ya thelathini na moja. Mkubwa vile mnataka. Gharama ya mochari hiyo wiki, chuo italipa. Nitaandika barua leo."

Calvince alimtazama mamake haraka. Lilikuwa jambo linalowezekana. Watu huahirisha maziko kwa sababu ya mtoto aliye ng'ambo, kwa sababu ya barabara mbovu, kwa sababu ya kesi. Hata yeye alikuwa amelifikiria usiku na akaona aibu kulisema, na sasa limesemwa na mtu mwingine, moyo wake ulitua mzigo.

"Kwa hivyo Ouma angoje mashine imalize," Mathews alisema.

"Sio hivyo, Mzee."

"Ni hivyo. Daktari, wewe baba yako yuko?"

"Alituacha. Miaka saba sasa."

"Kwenu Bungoma?"

"Ndiyo."

"Mliwasha moto ama hamkuwasha?"

Wekesa aliweka kikombe chini. Angeweza kusema kwamba kwao desturi ni nyingine, au kwamba nyakati zimebadilika, na watu wangemsikiliza kwa sababu ya gari lililoegeshwa nje. "Tuliwasha," alisema.

Kuku alipita katikati ya viti. Ndipo Seline, ambaye tangu jana alikuwa amesema maneno yasiyofika kumi, akamgeukia mwanawe.

"Nyathina," alimwita, mwanangu. "Juzi baba yako aliomba samaki."

"Najua, Mama."

"Tulimwambia angoje. Akangoja." Alivuta leso yake mabegani. "Sasa mnamwambia tena angoje. Mimi sitaki kusema kitu juu ya kazi yako. Kazi ni yako, na watoto ni wako, na mimi mwenyewe nitakula hiyo mshahara. Lakini mimi sitaenda kumwambia angoje. Nenda wewe, yeye yuko huko kwa friji, umwambie."

Wekesa aliangalia viatu vyake. Baada ya muda alisimama, akaaga kila mtu kwa jina, na alipofika garini alimwita Calvince kando.

"Sitakulaumu," alisema. "Lakini ukiwasha, mimi lazima niripoti. Na usizime mtambo tafadhali. Ukizima itaonekana kama tumeficha kitu."

"Sitazima."

"Andika tu kwa daftari vile umekuwa ukiandika."

*

Saa kumi jioni upepo ulikuwa umetoka ziwani, mwepesi. Calvince alivuta gogo la kwanza kutoka nyuma ya nyumba ya jirani, kubwa, la mkaratusi, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu la kwanza ni la mwana. Alilivuta kwa kamba, likiacha mfereji kwenye vumbi. La pili na la tatu watu walimsaidia. Mathews alivua koti, jambo ambalo halikuwa limeonekana siku nyingi, akachukua shoka na kupasua vipande vya kuanzishia.

Kabla ya kuwasha, Calvince alikwenda nyuma ya zizi. Alipangusa kioo cha mtambo ijapokuwa haikuwa saa yake. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya ishirini na tano, akaandika: Mawingu machache. Upepo kutoka ziwani. Saa kumi na dakika ishirini moto mkubwa umewashwa ndani ya hatua arobaini. Alifikiria kidogo, kisha akajaza ile safu ya mwisho iliyoandikwa Sababu: Baba yangu.

Kuni zilikuwa mbichi kidogo na moshi ulikuwa mwingi. Ulipanda mweupe, ukainama juu ya paa, ukapita moja kwa moja juu ya kisanduku. Ndipo wanawake walipolia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekaa kifuani tangu jana. Wazee waligeuza viti vyao. Nelima alisimama mlangoni na mwiko mkononi na machozi yakimtoka, na kama ni kwa sababu ya mkwe wake au ya barua ya kazi iliyokuwa ikiondoka na ule moshi, hata yeye asingeweza kutenganisha. Mathews alimvutia Calvince kiti kando yake.

"Keti," alisema. "Umechoka."

*

Wekesa alikuja kuchukua mtambo wiki mbili baada ya maziko. Ulikuwa unapelekwa kwenye shamba la utafiti lenye uzio na askari, mahali ambapo hakuna mtu anayeishi na kwa hiyo hakuna atakayefariki. Alileta barua moja. Ilimshukuru Calvince kwa ushirikiano wake na kumtakia kila la heri. Calvince aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

Wakati fundi akifungua nyaya, Seline alivuta kiti karibu na meza ambapo Wekesa alikuwa amefungua kompyuta yake.

"Calvince alikuwa anaonyesha baba yake picha kila jioni," alisema. "Mimi sikuwahi kuangalia. Iko hapo?"

Iko, Wekesa alisema, akaitafuta. Siku ya ishirini na tano ilikuwa buluu tangu asubuhi. Saa kumi na dakika ishirini na tano ikaanza rangi nyekundu, nyembamba, ikapanda, ikaenea. Alimweleza taratibu. Huku chini kabisa kuna utepe mweusi kwa sababu mtambo hauoni vitu vilivyo karibu. Chini ya mita mia moja na hamsini ni kipofu.

"Kwa hivyo sisi hatuko."

"Hapana, Mama. Watu hawaonekani. Nyumba pia haionekani."

"Na yeye imefika wapi?"

Wekesa alidhani ameulizia moshi, na kwa namna fulani ndivyo. Alipima kwa kidole. "Mita mia sita na arobaini. Hapo ikasimama, ikalala, ikaenda upande wa Kano. Ilikaa hivyo siku zote sita."

Seline alitikisa kichwa polepole, akaridhika. Calvince, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alijua mahali alipokwishaona kichwa kikitikiswa hivyo, akaangalia pembeni.

"Mtafanya nini na hii picha?" mama aliuliza.

"Hizo siku sita tutaziondoa. Haziwezi kutumika." Kisha, kwa kuwa alitaka kumwachia kitu kizuri, akaongeza, "Lakini zile ishirini na nne za kwanza tutazitumia, Mama. Zitachapishwa. Ni safi sana. Tangu nianze hii kazi sijaona hewa safi namna hiyo karibu na nyumba ya watu."

Seline aliinuka, akaita jikoni. "Nelima! Daktari asiende bila kula. Washa kuni."

Wekesa alitazama saa, akasema asisumbuke, wana safari. Hakuna aliyemsikiliza. Mafiga yalikuwa yamerudishwa mahali pake, moshi ukaanza kutoka chini ya paa la jiko, na fundi alimaliza kufungua nyaya, akaketi kivulini kusubiri. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Nelima alileta maji ya kunawa, ugali, na ngege mmoja mzima kwenye bakuli, aliyekaushwa kwanza juu ya kuni kisha akachemshwa kwenye chungu, mchuzi wake umegeuka kahawia. Aliweka mbele ya mgeni na kurudi nyuma.

Wekesa alimega. Alikuwa na njaa na samaki alikuwa mtamu, alikula haraka mwanzoni. Seline aliketi mbele yake, mikono magotini, akimtazama kama mama yeyote anavyomtazama mgeni anayekula.

"Iko na harufu ya moshi?" aliuliza.

"Iko, Mama. Ni tamu sana."

"Ndiyo hii aliomba," Seline alisema. "Hizo siku zako safi."

Tonge lilikuwa tayari mkononi mwa Wekesa. Alimtazama mama, akamtazama Calvince aliyekuwa akikunja turubai ya mtambo, akatazama bakuli. Kumwacha samaki wa watu katikati ni matusi, na yeye alilelewa vizuri. Alikula mpaka mwisho, akafyonza mifupa, na Seline akamsogezea mchuzi uliobaki.